Ngoma Haina Kwapa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na kelele!
— Kelele za nani?
— Tuambie wewe mwenye mdomo!

Haya. Na wewe unayekohoa huko nyuma, kohoa umalize, maana mimi sirudii.

"Ngozi saba!" anapiga kelele Sange. "Saba, Bwana Fisi! Na hii ya nane huigusi!"

"Ngoma isiyoonjwa haipigwi," anajibu Fisi, mate yanamdondoka, ndo, ndo, ndo. "Ndiyo mila. Au leo wewe kipua ndiye mwenye mila?"

"Saba umezionja. Iko wapi hata moja?"

"Zilikuwa mbaya."

"Na ubaya wake uliuweka wapi?"

Wanyama wote wamejaa uwanjani. Ni siku ya ngoma ya mavuno, jua limeshapanda, na hakuna ngoma. Sasa ngoja niwaambie ugomvi ulikotoka, kwa sababu sipendi mtu aamue kesi aliyoikuta katikati.

Sange ni mnyama mdogo, kama panya aliyevutwa pua. Hana pembe, hana kucha za kutisha. Lakini ni fundi wa ngoma. Anachonga mzinga, anawamba ngozi, anakaza vigingi. Hakufundishwa na mtu. Alijifundisha kwa miguu yake, akipiga ardhi ti-ti-ti, kisha akitulia kusikiliza ardhi inamjibu nini. Na ngozi zake hakumwibia mtu. Ni za wanyama waliokufa kifo chao, jamaa zao wakamletea kwa mikono yao.

Wazee wa zamani waliacha neno moja: ngoma mpya ionjwe kabla haijaingia uwanjani. Walikuwa na maana ipigwe kidogo, isikilizwe. Lakini walisema "ionjwe", wakafa, hawakufafanua. Basi Fisi akaingia kwenye neno hilo kwa meno. Akajiita Mwonja Ngoma. Nani amwambie siyo? Mnamjua Fisi. Taya lake linavunja goti la nyati.

Sange akapeleka ngoma ya kwanza. Fisi akaichukua, akaenda nayo nyuma ya kichaka. "Kuonja kunataka utulivu," akasema. Huko nyuma ya kichaka kukasikika kra, kra, nya-nya-nya. Akarudi na mzinga mtupu, anajifuta mdomo.

"Fundi, bado. Ngumu. Imepasuka nilipoijaribu."

Sange akaona haya. Akatengeneza ya pili, ngozi akaipaka mafuta siku tatu ilainike. Fisi akaenda nyuma ya kichaka. Kra, kra, nya-nya-nya.

"Laini, hapo umejitahidi. Lakini haina chumvi."

Watu wakaitikia, "Mmh! Haina chumvi! Fisi anajua kusema!" Sange akatengeneza ya tatu, akaisugua chumvi. Fisi akaenda nyuma ya kichaka. Kra, kra, nya-nya-nya.

"Chumvi sawa. Lakini haijaiva."

Ya nne akaiweka karibu na moto. Ya tano akaongeza mafuta. Kila alichorekebisha fundi, Fisi alinenepa. Na ngoma zenyewe, kwa mafuta yale, zikawa zinalia bwe, bwe, kama mtu anayekanyaga tope. Sange alisikia. Masikio yake yalimwambia. Lakini akayanyamazisha: nani mimi, mtu wa pua, nibishane na Mwonja Ngoma? Ndivyo fundi anavyokufa, ndugu zangu, akiwa bado anatembea.

Mpaka ngoma ya saba. Fisi akarudi mbele ya watu, anacheua.

"Ya leo afadhali. Shingoni palikuwa pakavu, ila kwapani, fundi, kwapani palikuwa patamu!"

Sange akakubali kwa kichwa, akaondoka. Akatembea hatua kumi. Akasimama.

"Ngoma ina kwapa?"

Hapo ndipo alipoelewa. Akakaa chini, akakasirika mpaka pua ikatetemeka. Angekuwa mimi, angerudi kupigana. Lakini angeliwa, na hadithi ingeishia hapo. Akaenda nyumbani kufikiri.

Nyumbani kulikuwa na ngozi moja tu, ya mwisho, na hiyo hakuwa tayari kuipoteza. Ilikuwa ya Mama Paa, jirani yake. Siku anakufa kwa uzee alimwita, akamwambia, "Fundi, mimi nimekimbia maisha yangu yote. Nikifa nisilale kimya. Niwambe." Sasa ikiingia nyuma ya kichaka hii, Mama Paa atakuwa amekufa mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wa fundi.

Akaiwamba. Hakutia mafuta. Hakutia chumvi. Aliikausha kavu, akaikwangua mpaka mwanga ukapita. Akaipiga mara moja tu, ti, akiwa peke yake. Akaogopa. Akaifunika haraka.

Kisha akatafuta jiwe la mviringo, kubwa kama ngoma ile. Akalipaka mafuta ya kondoo, akalinyunyizia chumvi, akalifunga kwa majani ya mgomba. Na ngoma nayo akaifunga kwa majani ya mgomba. Ndivyo alivyofika uwanjani, na ndipo tulipowakuta wakigombana.

"Sawa, Bwana Fisi," akasema Sange, akishusha sauti. "Mila ni mila. Nimeleta mbili, uchague. Lakini onja hapa hapa, watu wote wajifunze kwako."

Fisi akaangalia kichaka. Akaangalia watu. Sifa ni kitu kibaya, akakubali.

Akasogelea furushi la ngoma. Akanusa, fuf, fuf. Akalamba ukingoni.

"Ptuu! Kavu. Haina ladha. Katupe."

Akasogelea furushi la jiwe. Akanusa, fuf, fuf. Macho yakamtoka. Akalamba. Lamb. Lamb-lamb. Lamb-lamb-lamb-lamb.

"Hii!" akasema, machozi yanamlenga. "Hii ndiyo ngoma! Tamu mpaka kisogoni! Fundi, leo umekomaa!"

"Ina utamu!" wakaitikia watu.

"Ina kina!" akasema Ngiri, ambaye hakuonja wala hakusikia chochote.

"Basi ipige, mzee wetu," akasema Sange, akafungua majani.

Jiwe.

Watu wakatazama. Fisi naye akatazama. Lakini mkubwa akishasema, harudi nyuma. Akainua mguu, akalipiga. Puf. Akalipiga tena. Puf.

"Sauti iko ndani," akasema Fisi. "Inataka kuzoewa."

"Hata mimi nimeanza kuisikia kwa mbali," akasema Ngiri.

"Hebu muulize kwapa lake liko wapi!" akapaza sauti Kanga, na hapo uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

Sange hakucheka. Alifungua furushi la pili taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto usingizini. Akasimama juu ya ngozi kwa miguu yake ya nyuma, akapiga.

Ti. Ti-ti. Ti-ti-ti, ti.

Kicheko kikakatika. Si kwamba ilikuwa na kelele, hapana. Ilikuwa ndogo, kavu, safi. Ilipita chini ya ardhi kama maji yanavyopita, ukaisikia magotini kabla haijafika masikioni. Kanga akabaki mguu mmoja juu. Majani yalikuwa yanatikisika, nayo yakaacha, au labda watu waliacha kuyaona. Fisi alikuwa mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna kilichokuwa kinaingia humo.

Ti-ti. Ti-ti-ti, ti.

Pembeni ya uwanja alikuwa amelala Bi Kobe. Bi Kobe ni kiziwi. Miaka na miaka hajasikia radi wala salamu, anakuja ngomani kwa sababu ya pombe tu. Gamba lake la tumboni lilikuwa limelala juu ya ardhi. Mara akatoa kichwa. Akakinyoosha. Akageuka huku na huku kama mtu aliyebishiwa hodi.

"Nani anapita?" akauliza.

Nani wa kumjibu? Na angesikia nini?

"Paa anapita," akasema mwenyewe. "Rafiki yangu. Mguu wa nyuma wa kushoto unachelewa, vile vile, tangu siku ya mtego."

Sange akamgeuzia pua. Hakuwa amemwambia mtu ngozi ile ni ya nani. Na ule mguu unaochelewa hakuuweka yeye, ulikuja wenyewe. Akasimama.

"Usisimame, mjukuu wangu," akasema Bi Kobe, macho ameyafumba. "Muache afike."

Basi akapiga. Na hakuna aliyecheza, hakuna aliyepiga vigelegele, mpaka Mama Paa alipofika alikokuwa anakwenda. Mimi hapa ninaposimulia nywele zinanisimama, na nimesimulia mara nyingi.

Sange akashuka. Akamtazama yule bibi. Hakumuuliza, "Umeionaje?"

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa, bila shaka, Fisi.

"Mnaona sasa? Nilimwambia hivyo hivyo! Mimi ndiye niliyemkomaza!"

"Vizuri," akasema Sange. "Basi tumalizane, mwalimu wangu. Ngozi saba."

"Nitazitoa wapi ngozi saba? Mimi nina moja tu, hii niliyovaa."

"Hiyo ni ya kwanza. Zitabaki sita."

Fisi akatazama huku, akatazama huku, akaona watu hawacheki tena. Akashusha makalio kulinda ngozi yake, akatimka hivyo hivyo, kwicha-kwicha-kwicha. Ndiyo maana mpaka leo nyuma kwake kumeshuka, na ndiyo maana akicheka, anacheka akiwa mbali.

Hadithi yangu imefika mwisho. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda airudishe ikiwa nzima, isiwe na alama za meno.

Na funzo lake ni hili, lishikeni sana: ukitengeneza kitu kizuri, mpelekee kwanza mwenye tumbo kubwa na cheo. Akuambie kama kina chumvi. Bibi kiziwi anayelala pembeni usimjali. Atajuaje ngoma, yule?

Sange funzo hilo hajalisikia. Pita porini mchana, ukae kimya, utamsikia chini ya majani makavu, anapiga ardhi kwa mguu, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na maneno yake ni hayo hayo:

"Ngozi saba. Lete."