Kitovu cha Kidawa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kuwasengenya, kulikuwa na binti mdogo wa pimbi aliyeitwa Kidawa. Mnamjua pimbi? Mfupi, hana mkia, anaishi kwenye mawe. Lakini sauti yake! Akiita, mlima mzima unageuka.

Kidawa alizaliwa ng'ambo ya mto, mwaka wa ukame. Alikuwa na siku chache tu mama yake alipomfunga mgongoni, chubwi! wakavuka. Tangu hapo akakulia nchi ya huku, akacheza kombolela na watoto wa huku, akachapwa kwa utundu wa huku.

Sasa, kila mwaka kulikuwa na Sikukuu ya Nchi, na mtoto mmoja aliimba wimbo wa nchi mbele ya Mfalme Simba. Mwaka huo Mfalme aliwasikiliza watoto wote, kisha akasema, "Kidawa."

Loo! Bwana Fisi alipolisikia jina hilo, wivu ulimwingia. Binti yake, Mashavu, alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima. Ni kweli sauti ya Mashavu ilikwaruza kama mlango mbovu, lakini baba ni baba.

"Kwa nini yeye?" Fisi alimwuliza mkewe. Chakula hakikupita, na fisi akikataa chakula, wanangu, mambo yameharibika. "Kwa nini yeye, kafupi kale, kasiko na mkia? Mwanangu ana kasoro gani?"

Msicheke. Wivu hata mimi naujua. Nilipokuwa na umri wenu nilimchukia msichana mmoja wiki nzima kwa sababu ya utepe mwekundu wa nywele. Na wewe pale, nilikuona jana ulivyovikodolea macho viatu vya mwenzio.

Asubuhi ya sikukuu, uwanja ulifurika. Kidawa akasimama, akasafisha koo. Kabla hajaanza, Fisi akaruka mbele.

"Ewe Mfalme! Wimbo unasema 'nchi yetu'. Huyu nchi yake ni ipi? Kitovu chake kimezikwa wapi?"

Loo! Uwanja mzima ukageuka kumtazama Kidawa. Maana enzi hizo kitovu cha mtoto kikidondoka, mama alikizika karibu na nyumba, na hapo ndipo palikuwa kwao mtoto.

"Asiye na kitovu hapa si wa hapa!" Fisi akabwata. "Avuke mto leo leo, yeye na mama yake!"

Bi Pimbi, mama yake Kidawa, akaja mbio akasimama kando ya mwanawe. Ng'ambo hawakuwa tena na nyumba wala ndugu. Kidawa akamshika mama yake mkono. Aliogopa, tena sana, lakini kichwa chake kidogo kilikuwa kinafanya kazi chapuchapu.

Akajitupa chini. "Uwiii! Baba Mashavu, nifanye utakavyo, ila nakuomba, usiseme kila mmoja aitiwe mama yake mzazi atoe ushahidi! Hilo tu, baba!"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Ahaa! Unaogopa mama yako aulizwe! Mfalme, iwe sheria: kila mmoja aitiwe mama yake mzazi, aseme kitovu cha mwanawe kiko wapi. Kisipokuwa hapa, mtoni!"

"Kila mmoja?" Mfalme akauliza.

"Kila mmoja!"

"Haya, imekuwa sheria."

Kidawa akajifuta machozi, akasimama. "Basi wakubwa watangulie. Mimi mtoto, nitawatanguliaje wazee? Baba Mashavu, shikamoo. Anza wewe."

"Marahaba!" Fisi akajibu kwa mbwembwe. "Kitovu changu kiko chini ya mgunga ule. Mwiteni mama!"

Bibi Fisi akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko.

"Mama, waambie kitovu changu ulikizika wapi."

"Kitovu chako?" Bibi akakuna kichwa. "Mwanangu, mwaka ule njaa ilikuwa kali. Nilikila."

"Ulikila?"

"Kilikuwa kidogo tu. Hata hakikushibisha."

Kwa-kwa-kwa! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kobe alicheka mpaka akapinduka. Kidawa akamwinamia kwa heshima. "Na wewe, mjomba Kobe?"

Kicheko cha Kobe kikakatika. "Mimi... mimi nilitoka kwenye yai."

Kasuku akafunga mdomo. Mamba akatazama pembeni. Kanga akajificha nyuma ya wanawe. Kumbe nusu ya nchi ilitoka kwenye mayai!

"Labda sasa tumwulize Mama Mfalme," Kidawa akasema kwa upole.

Mama Mfalme akakohoa. "Simba mwanangu, mwaka ule nyumbu walihamia ng'ambo, nasi tukawafuata. Niseme, au ninyamaze?"

"Nyamaza, mama!" Mfalme akaruka kitini. "Sheria imefutwa! Imefutwa kabisa!"

Fisi hakukubali. Roho ilikuwa bado inamuuma. "Lakini yeye mwenyewe hajajibu! Kitovu chako kiko wapi, wee mtoto?"

"Kiko ng'ambo, Baba Mashavu," Kidawa akasema, na safari hii hakuigiza. "Ng'ambo sikukumbuki. Lakini meno yangu ya utoto yaling'oka hapa, yote. Kila moja nililirusha juu ya paa nikaomba jipya, kama watoto wote wa hapa. Paa la karibu ni lenu."

Bibi Fisi akagonga mkongojo. "Kumbe ni wewe! Kila mara nasikia to! juu ya nyumba, najiuliza ni mvua gani hii ya tone moja!" Akamgeukia mwanawe. "Unalala chini ya meno ya mtoto huyu, halafu unamwambia aende. Aende wapi?"

Fisi akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Mashavu akatoka ubavuni mwa baba yake, akaenda kusimama karibu na Kidawa. "Baba," akasema, "mimi ndiye niliyemfundisha kurusha."

Kidawa akaimba, Mashavu akaitikia, kwaru-kwaru, na Mfalme hakuthubutu kuuliza kwa nini wako wawili.

Hadithi yangu naitua hapo, nayo inasema hivi: mtoto ni wa pale anapokulia, na wivu wa mtu mzima haumng'oi.