Mkandaji Aliyewaridhisha Wateja

Wewe uliyekaa chini ya dirisha, usianze kubinua mdomo kabla sijafungua wangu. Najua unataka kusema haya yametungwa. Yametungwa, ndiyo, mfano ni mfano. Na huo mkeka uliokalia umesukwa na mtu, lakini hujawahi kuuliza ukindu wake ulichumwa wapi, umekaa tu. Basi kaa na huu pia. Ukitoka hapa ukabishane na mumeo, mimi mniache nimalize.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mkandaji. Si wale wa kukanda wazazi kwa maji ya moto, siku arobaini zikiisha na kazi imekwisha. Huyu alikuwa na chumba chake ubavuni mwa nyumba: kitanda kirefu cha mbao, godoro jembamba, shuka zilizoanikwa juani, mafuta ya nazi kwa wenye ngozi kavu na ya ufuta kwa wenye baridi yabisi. Mlango mmoja, dirisha moja lenye pazia. Mteja akiingia mlango unafungwa, na yanayosemwa humo yanabaki humo. Wanawake wa mji ule walimpelekea migongo, viuno na shingo zilizokazwa na ndoo za maji, wakatoka wakitembea kama waliopunguziwa miaka.

Mikono yake ilikuwa inaona. Msicheke. Mtu akikanda miaka ishirini, vidole vyake husoma nyama kama ninyi msomavyo simu zenu, tena yeye haruki mstari. Alijua nani kalala vibaya. Alijua nani kapigwa akasema kaanguka. Alijua mimba kabla ya mwenye mimba.

Na hapo mwanzo alikuwa akisema. Siku moja alimkanda mke wa fundi cherehani, akaushika mguu wake, akauacha.

"Mama, huu mguu si wa kukandwa. Umevimba kwa ndani. Nenda hospitali leo, usingoje kesho."

Yule mama akaketi kitako, akaanza kutafuta kanga yake. "Nimekuja kupumzika, wewe unanitabiria kifo?"

"Sijataja kifo. Nimetaja hospitali."

"Kwetu sisi ni mlango mmoja."

Akaondoka na mguu wake. Kufika Ijumaa mji mzima unajua kwamba mkandaji ana ulimi wa kisirani, akikutajia ugonjwa unakuja mbio kama kuku aliyeitwa kwa mtama. Mwezi mzima hakuna aliyebisha hodi. Shuka zikakaa kwenye kamba mpaka zikapauka, mafuta yakaanza kunuka chupani. Na ule mguu je? Ule mguu ulipelekwa hospitali kwa nguvu na wanawe, ukapona. Hakuna aliyerudi kumwambia mkandaji ahsante.

Basi akajifunza. Alikaa peke yake juu ya kile kitanda, akajiapiza: mteja wangu hatatoka tena humu na uso mzito. Akachagua maneno kama alivyochagua mafuta. Umechoka tu, mwanangu. Ni baridi imekuingia. Ni mtoki huo, tezi imevimba tu, umekuja utaondoka. Maneno ya kuteleza, hayaponyi wala hayachomi. Wateja wakarudi mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha wakawa wanagombea zamu mlangoni. Wakasema mkandaji amebadilika, siku hizi ana heshima.

Ndipo akaja mama mmoja muuza vitumbua. Bega lake la kulia lilikuwa likimuuma, na nani angeshangaa? Alfajiri hadi saa tatu mkono u juu ya jiko, unageuza vitumbua. Akachukua zamu ya Alhamisi baada ya alasiri. Siku ya kwanza, kabla hajavua kanga, akamwekea mkandaji sharti.

"Shoga, tuelewane mapema. Habari za maradhi ninazo za kunitosha nyumbani. Mume ana kisukari, mama mkwe haoni. Hapa nakuja kulala. Ukikuta kitu huko mgongoni, kaa nacho."

"Na nikikuta hazina?"

"Hazina tutagawana. Ugonjwa chukua wote."

Wakacheka, wale wawili. Wakawa marafiki wa Alhamisi.

Ulikuwa Mfungo Mosi, watu bado wanatembeleana na sahani za Idi. Mkandaji aliunyoosha ule mkono wa kulia juu ya kichwa cha mwenzake, akapitisha kidole kwapani, kidole kikagota. Kitu kidogo, kigumu, mfano wa kokwa ya ubuyu. Akakisukuma. Mtoki ukiusukuma hukimbia, na mwenyewe huruka kwa uchungu. Hiki hakikukimbia, wala mwenyewe hakuruka. Kilikaa kama kimejenga.

"Mbona umesimama?" akauliza mama wa vitumbua, uso wake umo ndani ya mto.

"Nalisikiliza bega."

"Linasemaje?"

Hapo ndugu zangu. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, mle ndani hakuna mtu wa tatu. Mwenye mwili ameuliza kwa kinywa chake. Kilichotakiwa ni maneno machache tu: shoga, hapa kwapani pana kitu, kakioneshe. Ungemaliza kuyasema kabla tone la mafuta halijafika chini. Mkandaji alifungua kinywa. Akaziona zile shuka zilizopauka kwenye kamba.

"Linasema umechoka."

"Lina akili hilo bega," akasema mama wa vitumbua, na mara akaanza kukoroma.

Ninyi mngesema? Msinijibu upesi. Anayejibu upesi swali kama hili hajaulizwa bado.

Alhamisi ikafuata Alhamisi. Kokwa ya ubuyu ikawa kokwa ya tende. Mikono ya mkandaji ikajifunza kupita pembeni, kama mtu anayefagia chumba chenye mgeni aliyelala. Mama wa vitumbua akaanza kupungua. Watu wakamsifu sokoni, umependeza, umerudi usichanani, naye akajibu, "Ni mikono ya mkandaji wangu." Kanga aliyoifunga mara moja sasa akawa anaizungusha mara mbili. Mwezi wa maulidi lile kwapa lilikuwa na kitu cha ukubwa wa tunda la kungu, na mkono wote umejaa kama umepuliziwa.

Nisimsingizie mkandaji. Mara moja alijaribu. Alikuwa anampaka mafuta kwenye vidole, akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa wa watu, "Shoga, hili bega, labda daktari naye angelitazama."

Mama wa vitumbua akafungua jicho moja. "Limebadilika?"

Mkandaji alilitazama lile jicho. Halikuwa na mzaha. Halikuwa na usingizi pia. Lilikuwa linamngoja yeye.

"Hapana," akasema. "Nasema tu."

"Basi usiwe unasema tu," akajibu mwenzake, na jicho likafumba.

Alikufa Rajabu, siku ya Jumatatu. Nani wa kumwosha? Wanawake hawakushauriana hata kidogo. Wakasema aitwe mkandaji, mwili ule hakuna aujuaye kama yeye. Akaja. Aliyekuwa akimimina maji ni binti mkubwa wa marehemu, mtu mzima, naye ana wanawe.

Mnajua tunavyofanya, wengi wenu mmeosha. Marehemu kasitiriwa kwa kanga, mwoshaji amejifunga kitambaa mkononi. Mkandaji akalibonyeza tumbo taratibu kama tulivyofundishwa, na vidole vikajua kwamba mara hii hakuna atakayekoroma. Akaosha upande wa kulia. Akauinua mkono wa kulia.

Kile kitu kilikuwa kama limau, na ngozi imepasuka.

Kopo la binti likasimama hewani. "Hiki kitu kilikuwepo tangu lini?"

Mkandaji akasema, "Mimina maji."

Akamimina. Kisha akaanza kusema, wala hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Tulimlilia aende hospitali. Mwezi wa maulidi tulikaa mbele yake sote, watoto wake wanne. Akatwambia, 'Mimi nashikwa kila Alhamisi na mtu anayeujua mwili kuliko daktari. Nimemuuliza mara mbili. Lingekuwepo la kuniambia angeniambia.' Tukaacha kumsihi. Tukaona mama hana kitu, ni kazi tu imemchosha."

"Mimina maji."

"Ahsante kwa kumpumzisha, mama. Alikuwa akiingoja Alhamisi kama mtoto anavyoingoja sikukuu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mtateleza. Mwoshaji wa maiti huona, na akiona husitiri. Akikuta kidonda, akikuta kovu, akikuta aibu, anatoka na kinywa kilichofungwa, na hilo ni jema kwake. Maiti hana la kufanya na habari yake. Yule mkandaji sheria hiyo aliishika barabara, hakukosea hata nukta. Kosa lake ni kwamba aliianza mapema. Yule mama alizikwa Rajabu, lakini mwenzake alianza kumwosha Mfungo Mosi. Alimwosha akiwa anapumua, akiwa anakoroma, akiwa na jicho moja wazi linauliza.

Mnadhani baada ya hapo alifunga kazi? Mnadhani alipiga magoti kwa yule binti? Hizo ni hadithi za kuwalaza watoto. Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, hodi ikapigwa. Mama mwingine, kanga mpya, uso wa heshima.

"Nimesikia marehemu alikuwa akilala hapa kama mtoto mchanga. Naomba zamu yake."

Mkandaji akatandika shuka, akafunga mlango.

Hayo ndiyo yake. Tuje kwetu.

Naona vichwa vinatikisika. Mnamhukumu mkandaji, na anastahili kuhukumiwa, simtetei. Lakini mbona hakuna anayemtikisia kichwa marehemu? Nani alisema, ukikuta kitu kaa nacho? Nani alisema, usiwe unasema tu? Alimfunga mwenzake kinywa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaukalia ule ukimya akidhani ni uzima. Alikataza kuambiwa, na akaishi akingoja kuambiwa. Na mke wa fundi cherehani, aliyepona mguu akaua jina la mtu, naye mnamsahau? Kaburi lile lilichimbwa na wengi.

Hao ni sisi. Sisi ndio wenye migongo, na sisi ndio wenye mikono. Yumo humu ambaye mwanawe anaingia nyumba za watu na kutoka na visivyo vyake. Tunajua, nusu ya mtaa tunajua, na kila tukikutana na mama yake tunamsifia buibui. Yumo ambaye mumewe ana nyumba ya pili, na sisi tuliokula pilau la harusi ya nyumba hiyo ndio tunaomwambia, wewe mwenzetu una bahati. Yumo anayemdunga mkwewe sindano ya ulimi wake kila siku, mpaka yule mtoto wa watu amekwisha kabisa, na sisi tunasema, ah, ndivyo alivyo. Tunawapaka mafuta. Tunapita pembeni. Tunaita stara. Stara gani hii ambayo mwisho wake ni limau kwapani?

Na ninyi wa upande wa pili msijifiche nyuma ya wenzenu. Ni nani aliyewahi kukuambia la kweli ukamwalika tena kwako? Mhesabu mmoja. Mimi mwenyewe mnaniambia kila nikimaliza, bibi, darasa la leo lilikuwa tamu, nimetoka mwepesi. Siku mtakayotoka wepesi wote humu, jueni nami nimeanza kuwaosha.

Sasa mnatazama vidole vya miguu. Vidole havina habari, tazameni pembeni. Huyo aliye kushoto kwako unamjua tangu mlipokuwa mnacheza kombolela. Umemshika, umekula chumvi yake, na kuna mahali kidole chako kimegota ukapita pembeni. Usinitajie mimi, mimi si mwenye mwili. Na wewe unayetazamwa, ukiambiwa, usitafute kanga yako uondoke. Kaa kitako. Uliza, limebadilika, kisha usifumbe jicho.

Nipeni fimbo yangu. Chai iko jikoni, haitapoa, na hata ikipoa hamtakufa kwa chai baridi. Ninyi hapa dirisha lina pazia na mlango ni mmoja. Mimi ndiye mtu wa tatu, natoka. Na mlango naufunga.