Mwano wa Levina

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Maana yake ni kuwa kila kiumbe ana namna yake ya kufaa, na anayetaka mmoja awe kama mwenzake huwakosa wote wawili. Emilian, mkulima wa tumbaku wa Goweko, aliisikia methali hiyo tangu utotoni, ila iliishia masikioni.

Tangu mkewe Advera afariki, zahanati ikiwa na rangi mpya ukutani na kabati la dawa tupu ndani, Emilian hakuwa na neno jema kwa wakubwa wa serikali. Mvua ikichelewa, wakubwa. Mpini wa jembe ukikatika, wakubwa. Alibaki na mabinti wawili. Josepha, mkubwa, alikuwa mkimya kama mtungi na mchapakazi kama siafu. Levina wa kidato cha nne alikuwa na maneno kama cherehani, na jembe kwake lilikuwa adhabu.

Jumatatu moja ya Septemba, walipomaliza kumwagilia miche kitaluni, Levina alifungua kitabu chake.

"Baba, sikiliza. Biva ni mnyama wa nchi za baridi. Hukata miti kwa meno, akaupangia mto miti na tope mpaka maji yakatuama. Pomboo huishi baharini, hajengi chochote. Akipata shida hupiga mlio, wenzake wakaja kumwinua apumue. Lakini wote ni mamalia, wananyonyesha!"

"Samaki ananyonyesha?" Emilian alicheka kwa uchungu. "Dawa wameshindwa kuleta, wanawaletea uongo. Basi biva ni dada yako. Wewe ndiye huyo mpiga kelele. Ungekuwa nusu ya Josepha, ningelala usingizi."

Josepha aliinama, akaendelea kung'oa magugu.

Jioni hiyo Emilian alipita kwenye lambo la kijiji, lililonywesha vitalu vyote, akaona tundu la kuingia kidole kwenye tuta. Mvua zilikuwa mbali bado. Angeweza kuliziba kwa kisigino. "Wakubwa waliolikatia utepe waje walizibe," alisema, akatema mate, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Moyoni alitamani waumbuke.

Ijumaa asubuhi tuta lilikuwa linamomonyoka. Josepha aliwahi pale na panga na magogo yaliyowekwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Akayakita moja moja, akashindilia udongo wa kichuguu katikati. Maji yalimsukuma, naye hakurudi nyuma. Levina alijaribu kusaidia. Kila konzi ya tope aliyoweka ilisombwa.

"Toka hapo!" Emilian alifoka kutoka ukingoni. "Hata tope limekukataa!"

Levina alipanda juu ya tuta, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano. Emilian alimpungia mkono ashuke. Mwano ni yowe la kuita watu wezi wa ng'ombe wanapovamia, na anayeupiga bure hutozwa mbuzi.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifika mbio na pinde zao, Kamanda Leodgar mbele.

"Mwizi yuko wapi?"

"Huyo hapo, Kamanda! Anatoroka na maji yetu!" Levina alionyesha tundu.

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akatupa upinde. "Kwa mwizi huyu mshale hautoshi, leteni majembe!" Wote wakaingia majini, wakifuata yalikoelekea magogo ya Josepha. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yametulia. Pasipo magogo wangeyapigia maji kelele tu. Pasipo mwano, Josepha angesombwa na magogo yake.

"Tundu kama hili halizaliwi kwa siku moja," alisema Leodgar akijikamua shati. "Nani aliliona kwanza?"

Emilian alitafuta mkubwa wa kumtwisha lawama. Hakumwona.

"Mimi. Jumatatu."

"Ukamwambia nani, Baba Josepha?"

Emilian alitikisa kichwa.

"Basi mbuzi yupo. Hatozwi aliyepiga kelele. Anatozwa aliyenyamaza."

Emilian alikwenda zizini bila ubishi. Alirudi akivuta kamba, mbuzi akigoma kila hatua, Levina akimsukuma kwa nyuma huku akimsemesha.

"Yule wa baharini," Emilian aliuliza bila kugeuka, "ananyonyesha kweli?"

"Kweli, Baba."

"Na mwenzake anayejenga, hamwambii aache kelele?"

"Hawajawahi hata kukutana, Baba."

"Bahati mbaya yao," alisema Emilian, akaifupisha kamba. Wa kwake walikuwa wamekutana, chini ya paa lake mwenyewe, na siku zote alikuwa akimkata mmoja mabawa kwa kuwa hayakufanana na ya mwenzake. Hakika, kila ndege huruka kwa ubawa wake.