Mkono wa Nakijwa na Gunia la Mtungi

Nguo ya dawa huloweshwa, haivuliwi.

Mmemsikia leo mchana shangazi yenu akimwambia hivyo binti wa jirani, yule aliyerudi na begi lake akisema kule alikopangiwa kufundisha kuna jua na vumbi na hataki tena. Nyinyi mkacheka, mkadhani shangazi anazungumzia kufua. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Imetoka kwa wanawake wawili waliokuwa wakwe, mmoja mama wa mke na mwingine mama wa mume, na ilianza namna hii.

Nakijwa alikuwa fundi cherehani wa Usangi, juu milimani Upareni, ambako hata mwezi wa pili watu hulala na blanketi. Alishona sare za shule na magauni ya sikukuu, na sifa yake kubwa ilikuwa kukata kitambaa kwa jicho, bila kuchora kwa chaki. Alimtazama mtu mara moja, akashika mkasi, basi. Alipofika miaka hamsini na sita akapatikana na saratani ya titi. Titi la kulia likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, akapona. Lakini tezi zile ndizo zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili, na zilipokosekana, mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Mara ya kwanza ulikaa hivyo miezi mitatu. Vidole havikuingia kwenye mashiko ya mkasi. Miezi yote hiyo Nakijwa alikaa kibarazani akiwatazama watu wakipita na vitambaa vyao kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya bonde, na hilo lilimuuma kuliko kisu cha hospitali.

Bwana Kisaka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndiye aliyempa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa nguo. Ilikuwa mkono mtupu usio na gauni, mzito, wa kuvutika kama soksi, unaobana kuanzia kwenye vidole hadi karibu na bega. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, rangi ya ngozi ya mtu ambaye Usangi hawajawahi kumwona.

"Unaivaa asubuhi kabla mkono haujajaa, unaivua wakati wa kulala," Bwana Kisaka alimwambia. "Ukiiacha, maji yanarudi. Yakirudi mara nyingi mkono unakuwa mgumu, na ukishakuwa mgumu, mama, mkasi utausahau."

Nakijwa akaivaa mwaka mzima bila kukosa siku. Kwa baridi ya Usangi haikuwa kazi kubwa. Asubuhi nyingine hata alitamani angepewa na ya mkono wa kushoto.

Binti yake Namkunda alikuwa ameolewa Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani, na kijana aitwaye Mbwana. Akamwita mama yake aje apumzike wiki mbili, ale samaki, asahau hospitali. Ukawa mwezi wa pili, na mwezi wa pili wa Tanga mnaujua. Nakijwa aliposhuka kwenye basi alihisi joto linampokea kabla ya mkwewe. Mpaka wanafika nyumbani, mkono ule ulikuwa unamwasha ndani ya nguo kama umefungwa kwenye majani ya upupu.

Mama yake Mbwana, Bi Mwanahawa, alikuwa mpakaji hina. Miaka arobaini alikuwa amepaka maharusi wa Ngamiani, mama zao na bibi zao. Uani kwake palikuwa na mkeka, bakuli la hina iliyovundikwa, na mtungi mkubwa wa maji ya kuwanywesha wateja, uliovikwa gunia. Alimpokea mgeni wake kama watu wa pwani wanavyojua kupokea. Kisha jicho lake likatua kwenye ile rangi ya chai ya maziwa.

"Mkwe wangu, na hicho mkononi ni nini, na joto hili?"

Hapo ndipo Nakijwa alipokosea, na kosa lake lilikuwa la adabu. Kwao mtu hazungumzi habari za mwili wake mbele ya wakwe. Hata jino likimuuma husema ana mafua. Sasa yeye ataanzaje kumtajia mkwewe habari ya titi, tena titi lililokatwa, na Mbwana amesimama pale na sanduku lake kichwani? Methali ya mficha maradhi alikuwa akiijua, alishawahi kuwaambia wenzake wodini. Kuijua methali ni jambo moja.

"Ni pambo tu la kwetu bara," akasema.

Namkunda akatazama chini. Bi Mwanahawa akasema pambo zuri, lakini usoni alionekana kuwaza mengine.

Siku ya tatu Bi Mwanahawa akatandika mkeka, akaliweka bakuli la hina katikati. Hakuna mgeni wa kike aliyewahi kuondoka nyumbani kwake na mikono mitupu. Nakijwa akatoa mkono wa kushoto. Ukapakwa maua mazuri mpaka kwenye kiwiko. Bi Mwanahawa akangoja mkono wa pili.

"Huu unatosha, mkwe."

"Hina ya mkono mmoja kwetu hapa hatumpaki mtu," Bi Mwanahawa akasema kwa upole. "Au mkono wangu haukupendezi?"

Mtu akikwambia hivyo, naye ni mama mkwe wa binti yako, unafanya nini? Nakijwa aliwaza: nikikataa, atakayelipia ni Namkunda, yeye ndiye atakayebaki hapa. Akaivua nguo. Na nisiwafiche, alipoivua alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu ashuke kwenye basi. Upepo ulipita kwenye ngozi yake, akafumba macho. Bi Mwanahawa akapaka mkono wa kulia polepole, akausifu kwa kuwa laini, akamwambia, "Usiubane tena siku mbili hizi, rangi ikolee."

Kwa hiyo Nakijwa akapata sababu. Alikuwa akihitaji sababu tu. Siku ya kwanza alijiambia ni kwa ajili ya hina. Siku ya pili alihisi pete inambana, akaivua pete. Siku ya tatu aliamka mkono ukiwa mnene kama muhogo uliokomaa, ngozi inang'aa, na yale maua ya hina yametanuka mpaka hayajulikani kuwa ni maua. Akaomba sindano na uzi kwa Namkunda, ajaribu. Vidole havikukutana. Sindano ikaanguka kwenye mkeka, akaitafuta kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Bi Mwanahawa akamkuta hapo. Akauona ule mkono. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli la hina, akaenda kulimwaga kwenye karo. Akarudi kuchukua mfuko wa majani makavu ya hina, nao akaanza kuumwaga.

"Mama, unafanya nini?" Namkunda akauliza.

"Miaka arobaini," Bi Mwanahawa akasema. "Miaka arobaini nawapaka watoto wa watu. Sasa nimemuua mkono mgeni wangu, tena mkwe wangu. Na harusi ya jirani ni wiki ijayo, wanawake ishirini wanakuja niwapake. Nitawapaka sumu?"

Nakijwa angeweza kunyamaza. Angenyamaza, heshima yake ya ukwe ingebaki nzima, na mwanamke yule angeacha kazi ya maisha yake kwa kosa ambalo si lake. Alimtazama akikung'uta mfuko. Halafu akasema, haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Mkwe, acha. Si hina. Mimi nilikatwa titi."

Bi Mwanahawa akageuka.

"La kulia," Nakijwa akaendelea. "Na tezi za kwapani zikaondolewa. Tangu hapo mkono huu hujaa maji nisipoubana. Kile si pambo. Ni dawa, nilipewa hospitali. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya."

"Ukaona haya kwangu?"

"Kwako zaidi ya wote. Ukwe huu nimeuogopa."

Bi Mwanahawa akaketi chini, pale pale kando ya karo, mfuko mtupu mapajani. Nakijwa alidhani amemchukiza. Lakini yule mama aliposema, alisema taratibu.

"Nilidhani unanidharau. Siku zote hizi nasema moyoni, huyu wa milimani anaona uchafu kushikwa na mimi. Mwenzangu, tungekaa hivi mpaka uondoke, wewe huna mkono na mimi sina hina."

Namkunda ndiye aliyempigia simu Bwana Kisaka. Bwana huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna homa, wekundu au maumivu, akaambiwa hakuna. Akasema kama lingekuwepo lolote kati ya hayo wangekimbia hospitali saa hiyo hiyo. Kwa sasa mkono uinuliwe kwenye mito, ufungwe bandeji kwa namna aliyomfundisha, afanye mazoezi yake ya vidole, na uvimbe ukipungua avae nguo yake. Nakijwa akachukua simu.

"Nitaivaaje, bwana? Hapa ni tanuri. Nikiivaa nateseka, nikiivua navimba."

Kabla Bwana Kisaka hajajibu, Bi Mwanahawa aliyekuwa akisikiliza, kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika na nyumba za Ngamiani hazina siri, akanyoosha kidole uani.

"Ule mtungi wangu," akasema, "umevaa gunia mwaka mzima. Jua likizidi, mimi siuvui gunia. Nikiuvua maji yanachemka. Nalimwagia maji gunia, upepo ukilipiga mtungi unapoa. Muulize daktari wako, mkono nao haupoi hivyo?"

Bwana Kisaka alikuwa amesikia.

"Unapoa," Bwana Kisaka akasema. "Mama huyo ni nani? Maji yawe safi, ya baridi ya kawaida, yasiwe ya bahari. Alowe akiwa ameivaa, akae penye upepo. Na jioni aifue, aikaushe kivulini. Ningepaswa kukwambia hilo kabla hujasafiri."

Bandeji ilikaa siku nne. Siku ya tano, asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya bati la jirani, nguo iliingia. Bi Mwanahawa na Namkunda walimsaidia kuivuta, mmoja huku na mmoja huku, wakitoka jasho. Kisha Bi Mwanahawa akachota maji ya mtungini kwa kata, akamwagia mkono ule kuanzia begani. Maji yakatiririka hadi vidoleni, yakaloanisha mkeka. Mkwe kummwagia mkwe maji mwilini, hilo hata bibi zetu hawakuliona. Nakijwa alitaka kumzuia, ila upepo ukapita, na mkono ukapoa ndani ya ile nguo ya kubana, akamwacha aendelee.

Wanawake wa harusi wakaja, ishirini na ushei, uani pakajaa vicheko na marashi. Bi Mwanahawa alikuwa amevundika hina mpya. Nakijwa alikaa karibu yake, mkono mmoja una maua, mwingine umevaa. Kila akimaliza mtu mmoja, mpakaji alinyoosha mkono mtungini, akachota, akamwagia mkwewe, akarudi kwenye hina. Jirani mmoja, Bi Chiku, akashindwa kuvumilia.

"Jamani mvueni mgeni wa watu hicho kidude, joto litamuua. Mwanahawa, kwa nini unamtesa mkweo?"

Watu wote wakageuka. Nakijwa alihisi lile neno la pambo la bara likimjia tena mdomoni. Bi Mwanahawa hakuinua uso. Alikuwa akichora ua kwenye kiganja cha bibi harusi, na alimalizia jani lake kwanza.

"Nguo ya dawa huloweshwa, haivuliwi," akasema.

Bi Chiku akautazama mtungi uliovaa gunia lililolowa. Kisha akasogea mtungini, akachota yeye, akammwagia. Siku ile ile neno likatoka uani kwa miguu ya wale ishirini, na kabla ya mwezi kuisha lilikuwa sokoni. Mwanamke aliyetaka kuacha ndoa kwa sababu ya wifi mkorofi aliambiwa hivyo. Kijana aliyechoshwa na chuo aliambiwa hivyo. Wengi wao hawakujua kwamba kuna mkono.

Siku moja kabla ya kurudi milimani, Nakijwa aliomba kanga mbili mpya za Bi Mwanahawa na mkasi. Akazitandaza kwenye mkeka. Alimtazama mkwewe mara moja, kuanzia mabegani hadi miguuni, hakuchora kitu. Kidole gumba kilikataa kuingia kwenye mshiko wa mkasi, akakibembeleza, kikaingia kwa taabu. Akakata upande wa mgongo, akakata mkono mmoja wa gauni. Jua lilikuwa limefika juu, na ile nguo ilimbana na kumwasha kama siku ya kwanza. Akaweka mkasi chini.

"Mkwe," akaita, "maji."

Bi Mwanahawa akaja na kata. Nakijwa akanyoosha mkono, ukaloweshwa, akaushika tena mkasi.

Ndiyo maana watu husema nguo ya dawa huloweshwa, haivuliwi.