Nafasi ya Jina Moja

Hapo zamani, dawa zilipokuwa vichwani mwa wazee na vitabuni mwa wachache, Mwanakombo alirithi kitabu cha dawa cha marehemu baba yake. Mchwa nao wakadai urithi: walishamaliza jalada, sasa wako kwenye kurasa. Asipokinakili kabla ya masika, basi tena.

Mchana hana nafasi. Maji, kuni, mtoto mchanga, na wageni wasiojua kuaga. Akaamua kuandika alfajiri, akili ikiwa bado mbichi. Siku ya kwanza akapitiwa na usingizi. Siku ya pili mtoto akalia. Siku ya tatu, pu! pu! pu! Mchi wa jirani yake, Chausiku. Mtaa ule, mwanamke ambaye mchi wake husikika wa kwanza ndiye husifiwa kwa uchapakazi, na Chausiku ameishika sifa hiyo miaka saba. Mwanakombo akababaika, kijiko kimoja cha dawa akaandika kumi. Dawa ikawa sumu! Karatasi ikatupwa, na karatasi zenyewe zilikuwa haba.

Akalia, jamani, akalia hasa. Mama mkwe wake, Bi Mize, akamsikia.

"Kesho nitakuamsha mimi, mwanangu. Na mtoto nipe mimi."

Goti lake bovu, lakini kila alfajiri aliamka, akamzungusha mjukuu uani.

Mwanakombo akaenda kumwomba Chausiku asitwange alfajiri.

"Shoga, ninyamazishe mchi? Watasema nimekuwa mvivu." Chausiku akafikiri. "Haya, andika. Nitatwanga jua likitoka."

Na kweli wanawake wa mtaa walimsema Chausiku. Kisimani wakamcheka waziwazi. Ilimuuma, lakini kila siku mchi wake ulingoja jua.

Miezi miwili Mwanakombo aliandika, mstari kwa mstari, mpaka vidole vikachubuka. Tone la kwanza la masika lilikuta kitabu kimekamilika. Furaha ilioje! Sasa, desturi ni mnakili kutia jina mwishoni, wasomaji wamwombee dua vizazi na vizazi. Lakini karatasi ya mwisho ilibakiwa na nafasi ya jina moja tu.

"Ni langu," akasema Bi Mize. "Bila mimi ungekuwa unakoroma."

"Mimi nimetoa sifa ya miaka saba," akasema Chausiku. "Nani atanirudishia?"

"Na mkono huu je?" akauliza Mwanakombo. "Kuamsha na kunyamaza havikuandika hata herufi."

Wakacheka wote watatu, lakini hakuna aliyerudisha neno lake nyuma.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu, kalamu hiyo nawapa, na wino unakauka. Je, jina la nani lilistahili kuandikwa?