Udongo Uliomkataa Hiperoko

Tulieni, nyinyi mlioketi juu ya mwili wa bibi yenu. Naam, ardhi hiyo mnayoikalia ndiyo bibi yenu, na jina lake ni Gaia, mama wa milima, mama wa mbingu zenyewe, mwenye kifua kipana kisichochoka kubeba. Asiyelijua hilo na arudi kwao akafunzwe adabu kwanza.

Zama za mababu wa mababu, Wayunani walipokuwa bado wanalala mapangoni, Gaia alizaa bila mume. Hapa hapa katika bonde la Orkomea, siku jembe la ng'ombe lilipoipasua ardhi kwa mara ya kwanza, mtoto wa kike aliinuka kutoka kwenye mfuo, hana kitovu, kwa kuwa hakuwahi kutenganishwa na mama yake. Huyo ndiye Likaste binti Gaia, Likaste Bega la Mlima, aliyembeba fahali aliyevunjika mguu kutoka mtoni hadi malishoni huku akiimba. Sisi sote ni wa ukoo wake.

Likaste ndiye aliyewafundisha watu kuchimba mizizi inayotoa rangi nyekundu ya kutilia nguo, na pamoja na kazi hiyo akawapa sheria moja: mchimbaji afukie shimo lake, na kabla ya kufukia aweke ndani mkate wa shayiri uliopakwa asali. Alisema, "Mama hanyang'anywi. Mama huombwa."

Kisha akaja Hiperoko. Alivuka milima na watu wake wenye ngao za shaba, akatutia utumwani, akajenga ngome yake juu ya kilima kile ambacho mizizi ilistawi zaidi, maana alipenda majoho mekundu kuliko alivyopenda watu. Alipoona mikate ikiwekwa mashimoni alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Tangu lini uchafu ukala asali?" akauliza. Akaamuru mikate wapewe mbwa wake, na kwamba yeyote atakayepoteza muda kufukia shimo atapigwa mijeledi. Mjinga yule! Alikuwa amelala juu ya kilima kile kile alichokuwa akikitoboa.

Wawili kati ya wana wa Likaste, Fegeo na Ilisio, waliweka majembe chini wakakataa. Hiperoko akawachoma mkuki, na wala hilo halikumtosha. Aliwalaza juu ya mwamba mtupu mbele ya lango, akaweka walinzi, ili mtu asiwarushie hata konzi moja ya udongo. Nanyi mnajua, kwetu maiti asiyefunikwa ni mtoto aliyezuiwa mlangoni kwa mama yake; hutangatanga akilia, na hakuna wa kumfungulia.

Likaste alikwenda langoni kuwaombea wanawe kaburi. Hiperoko akamjibu kutoka juu ya ukuta, "Wewe mlishe mama yako mikate. Mimi nitawalisha tai wanao."

Mikono ile iliyombeba fahali ilikuwa na nguvu ya kuling'oa lango. Lakini Likaste aliinamisha kichwa, akasema, "Nitachimba, bwana." Watu walimtemea mate. Wifi yake Theano, dada wa marehemu mumewe, alimwambia mbele za watu, "Tumbo lililowazaa wale vijana lilikuwa la mwanamke au la gunia?" Likaste aliingia shimoni, akalaza sikio lake chini, na mama yake akanena naye kwa sauti iliyotikisa majembe: "Nina njaa, binti yangu. Nao wajukuu zangu wako nje."

Basi alichimba. Alichimba kwa hasira, akaunganisha shimo na shimo, akakiacha kilima kizima kimesimama juu ya nguzo za magogo ya mzeituni, na Hiperoko, kwa kuona mizizi inavyoletwa kwa mafungu, akamsifu mbele ya walevi wenzake.

Siku ya karamu ya mavuno, ngome ilipojaa wenye ngao na majoho, Likaste aliwatoa wachimbaji wote nje. Theano ndiye aliyekuwa wa mwisho, na hapo ndipo alipoelewa, akamshika mkono.

"Wifi, nisamehe. Twende."

"Magogo haya hayang'oki kwa kamba, Theano. Yanataka bega."

"Utafukiwa!"

"Wanangu nao watafukiwa," akasema Likaste. "Kimbia."

Aling'oa nguzo ya kwanza, akaiweka dari begani pake hadi miguu ya Theano ikafika kwenye jua. Kisha akaliondoa bega lake. Kilima kikamezwa pamoja na ngome, na mwamba ule wa langoni ukapinduka na kushuka na vijana wawili, na udongo mwekundu ukawafunika taratibu, kwa upole ambao hakuna mwingine aliyeupata siku ile. Likaste hakuonekana tena. Sisi hatusemi amekufa. Tunasema ameitwa nyumbani, na wanawe wako naye.

Hiperoko alikutwa juu ya kifusi, amekufa, joho lake halina hata vumbi. Ndugu zake wakaja kumzika. Walichimba kaburi, wakamlaza; asubuhi wakamkuta juu. Wakachimba la kina zaidi, wakamgandamiza kwa mawe. Udongo ukayasukuma mawe kando, ukamtapika. Mwishowe wakamwendea Theano wakipiga magoti, wakisema, "Nyinyi ni watoto wa ardhi hii. Mwombeeni kwa mama yenu."

Theano akawatazama, akasema, "Tulipowaombea wetu, tai walijibiwa kabla yetu. Kawaombeni wao."

Wakamwacha pale, na tai wakashuka.

Hii ndiyo alama aliyotuachia Likaste. Watu wa Orkomea hatuapizi ovyo. Hatumtakii mtu umaskini, wala utasa, wala upofu. Lakini mtu akimzuilia mama kumzika mwanawe, tunapiga viganja ardhini sote, wakubwa kwa wadogo, na kumwambia: Udongo ukukatae. Na tangu hapo hata mama yake mzazi hamfungulii mlango.