Kupe Waliobaki

Mtazameni vizuri mwanamke huyu, ndugu zangu, wala msimhukumu haraka, maana kabla hatujamaliza mtakuwa mmekaa naye benchi moja.

Aliishi kwenye vilima vya migomba na ukungu, mahali ambapo kinamama walikuwa na kikundi chao cha ng'ombe wa maziwa. Sheria ya kikundi ilikuwa moja tu. Ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wako. Unamlea mpaka aache kunyonya, kisha unamkabidhi mwenzako ambaye bado hajapata. Naye akizalisha atamkabidhi mwingine. Hivyo ndivyo mabanda ya kijiji kile yalivyojaa, moja baada ya jingine, bila mtu kwenda kupiga magoti mlangoni kwa tajiri.

Mwanamke wetu, Mama Ipyana, ndiye aliyepata ng'ombe wa kwanza kabisa. Ndama jike alipozaliwa, akamkabidhi jirani yake, Mama Tumpe. Siku hiyo ndama alivishwa kanga mgongoni kama bibi harusi, mchungaji akaomba, kinamama wakaimba na kupiga vigelegele. Mama Ipyana naye alipiga. Mkono wake ukaiachia kamba. Moyo wake, sasa, huo ulibaki umeishika.

Kwa sababu yule ndama alikua. Alikua akawa ng'ombe ambaye watu husimama njiani kumtazama, mgongo umenyooka, kiwele kimejaa. Asubuhi kinamama walipopanga foleni kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ndoo ya Mama Tumpe ilibebwa kwa mikono miwili na kuwekwa chini kwa mguno. Ya Mama Ipyana ilibebwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki na nafasi ya kushika kanga.

Mmoja wao, wa wale ambao hakuna kikundi kinachowakosa, akamtania.

"Mama Ipyana, ng'ombe huyu si mjukuu wako? Mbona amekuacha mbali hivi?"

"Mjukuu gani, mwenzangu," Mama Ipyana akajibu, akicheka kwa meno tu. "Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa. Kula kuna wenyewe."

Mmekisikia hicho kicheko? Hakuwa na shida, mama huyu. Ng'ombe wake alikuwa mzima, alikamulika, watoto walienda shule wamekunywa chai ya maziwa. Kama Mama Tumpe angekuwa anaishi kijiji kingine, Mama Ipyana angeshukuru Mungu kila siku. Lakini alikuwa amefika mahali hawezi tena kumwona ng'ombe wake bila kumwona na yule mwingine pembeni.

Sasa, kikundi kilikuwa na bomba moja la kupulizia dawa ya kupe, lile la kubeba mgongoni, na mtunzaji wake alikuwa yeye. Walimchagua kwa sababu alikuwa makini, hamwagi, hakisii. Kila juma, kwa kila banda, alipima kifuniko cha dawa, akajaza maji mpaka kwenye alama, akatikisa, na bomba likazunguka banda kwa banda. Dawa ile ikikutana na maji hugeuka nyeupe, na kwa weupe wake kinamama walijua imekolea.

Siku moja wakaja wageni kutoka wilayani kupiga picha na ng'ombe wa Mama Tumpe. Walimsifu ng'ombe, wakamsifu mwenye ng'ombe. Hakuna aliyeuliza huyu ametoka tumboni mwa nani. Mama Ipyana alikuwa nyuma yao, ameshika jagi la maji ya kunawa mikono.

Juma lile zamu ya Mama Tumpe ilipofika, kifuniko hakikujaa. Kiliishia nusu. Maji yakawa na rangi hafifu, rangi ya kumuumbua mtu. Basi akachukua maziwa kidogo ya asubuhi, ya ng'ombe wake mwenyewe, akayamimina ndani ya bomba. Yakawa meupe, safi kabisa.

Jamani, hebu ioneni akili iliyotumika hapo. Nani anasema wivu humfanya mtu mjinga? Humfanya hodari, tena hodari sana, wa jambo moja.

Hakutaka yule ng'ombe afe. Alijiambia hivyo na alikuwa anasema kweli. Alitaka tu maziwa yapungue kidogo, foleni ya asubuhi iwe na usawa. Na Jumapili ilipofika moyo ulimsuta. Alipiga magoti kanisani, akalia machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza, na juma lililofuata akajaza kifuniko mpaka karibu na ukingo. Karibu. Kisha akasikia mtu kisimani akimsifia Mama Tumpe maziwa yake, kifuniko kikarudi nusu. Misimu ikapita hivyo, akitubu na kurudi, akiongeza na kupunguza, na maziwa yake yakiendelea kufanya kazi ya kuficha.

Kwa Mama Tumpe kupe wengine walianguka, wengine wakabaki. Waliobaki aliwang'oa kwa vidole kila asubuhi kabla ya kukamua, akawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Alidhani dawa ndivyo ilivyo. Hakulalamika wala hakuuliza, na hilo nalo likamuudhi Mama Ipyana, maana ukimtendea mtu ubaya halafu asiumie, unajiona umefanya kazi ya bure.

Mchana ng'ombe wote walifungwa kamba kwenye uwanda mmoja wa majani, na kupe hajui huyu ni ng'ombe wa nani. Masika yaliposhika kasi, Mama Ipyana akawaona masikioni mwa ng'ombe wake mwenyewe, wamejipanga. Hakushtuka. Alipima kifuniko kamili, hakuchanganya maziwa, akapuliza masikio, tumbo, mapaja na chini ya mkia. Kesho yake kupe walikuwa palepale. Akapuliza tena. Walikuwa palepale, wamenenepa.

Hapo ndipo alipomwita bwana mifugo.

Akaja, kijana mpole na mkoba wake mkubwa. Mama Tumpe alikuwa ameshafika kabla yake, bila kuitwa, na kopo lake la mafuta ya taa, amechuchumaa kando ya ng'ombe wa jirani yake anang'oa kupe mmoja mmoja. Bwana mifugo akainama naye, akatazama, akauliza kama na kwake dawa imegoma. Mama Tumpe akamwambia kwamba kwake haijawahi kuwaangusha wote, tangu zamani, ndiyo maana amezoea kutumia vidole.

Kijana akasimama wima. Akauliza nani anayepima dawa. Mama Tumpe, kwa heshima kabisa, akasema ni Mama Ipyana hapa, na kwamba hakuna anayemfikia kwa umakini.

"Mama," akasema bwana mifugo, "naomba unieleze ukweli, sikuulizi kwa ubaya. Dawa hii imewahi kupimwa pungufu?"

Mama Ipyana akatazama lile kopo. Akatazama vidole vya jirani yake, vyeusi kwa damu ya kupe, vikifanya kazi kwenye sikio la ng'ombe ambaye si wake. Mdomo ukafunguka. Kilichotoka kilikuwa nusu.

"Labda mara moja, mwanangu. Nadhani kuna siku maji yalizidi."

Bwana mifugo akafikiri kidogo. Mara moja haina neno, akasema, huenda chupa yenyewe ilikaa juani. Akamwagiza aendelee na dawa ileile, kipimo kamili, asiruke juma hata moja, na yeye atarudi kuangalia. Akafunga mkoba wake, akaenda.

Na Mama Ipyana, ndugu zangu, alijisikia mwepesi. Si amekiri? Si amesema mbele ya mhusika mwenyewe? Alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu.

Mvua haijakatika, ng'ombe wake akaacha kucheua. Tezi chini ya masikio zikavimba, mwili ukachemka, pumzi ikawa ya kukoroma. Ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Bwana mifugo akachoma sindano, na uso wake ukawaambia kinamama waliojaa bandani kwamba amechelewa kuitwa. Mama Ipyana alikuwa amekaa chini kwenye samadi, kichwa cha ng'ombe mapajani mwake, na hapo, mbele ya kikundi kizima, nusu ya pili ikatoka.

Alisema haikuwa mara moja. Ilikuwa juma kwa juma. Alisema kuhusu kifuniko, alisema kuhusu maziwa, na alisema ni kwa ng'ombe wa nani.

Bwana mifugo akafungua mkoba, akatoa chupa ambayo hawakuwahi kuiona, akaiweka chini kwenye majani.

"Hii ni dawa ya aina nyingine kabisa, mama. Siku ile nilikuwa nayo humu humu. Ungeniambia haya siku ile, ningekuachia."

Mama Ipyana aliitazama chupa. Kisha akauliza swali ambalo mtu huuliza akiwa bado anatafuta pa kutokea. "Lakini mimi ng'ombe wangu nilimpa kipimo kamili. Siku zote. Sasa kupe wangu wamejifunzia wapi?"

"Hawajajifunza," kijana akajibu. "Kupe hajui kujifunza. Katika kupe wengi hawakosi wachache waliozaliwa wagumu kidogo. Ukipuliza dawa iliyokolea, na hao wagumu kidogo wanakwenda na wenzao. Ukipuliza nusu, unaua wale laini peke yao na wagumu unawaachia ng'ombe mzima. Hao ndio wanaotaga mayai. Watoto wao unawapuliza nusu tena, unachambua tena. Mama, hakuna aliyewafundisha. Umewachagua wewe."

Ng'ombe akafa jioni ile, kichwa kikiwa mapajani mwake.

Najua mnasubiri niseme Mama Tumpe alimkumbatia. Hakumkumbatia. Aliokota kopo lake akaenda nyumbani kukamua, maana ng'ombe wake, aliyezoea kuokolewa kwa vidole, alikuwa hai.

Sasa tuongee sisi kwa sisi.

Lile alilolieleza bwana mifugo mle bandani, hapa chuoni tunaliita uteuzi wa asili. Nawafahamu mnaotoka kwenye kipindi kile mmenuna, mnasema biolojia imekuja kutunyang'anya Mungu. Nawafahamu na wengine mnaotoka mmevimba vifua, mnasema basi ni sheria ya dunia, mwenye nguvu na abaki, mnyonge na aondoke. Pande zote mbili hamkusikiliza. Nani alisema anayebaki ndiye bora? Wale kupe waliobaki walikuwa bora kwa nani? Walifaa mahali walipowekwa, basi. Na mahali pale palikuwa pameandaliwa na mkono wa mtu, juma kwa juma, kwa kifuniko.

Kwa hiyo tusiulizane nani ana nguvu. Tuulizane tunaandaa mahali pa namna gani humu ndani yetu, na ni kitu gani kitafaa kuishi humo.

Maana sisi ni watu wa nusu dozi. Tunatubu wivu, ndiyo, tena kwa machozi. Lakini tazameni tunachoua. Tunaua matusi, kwa sababu matusi ni laini, yanakufa kwa sala moja. Tunaua kununa. Tunaua kutosalimiana kwenye ngazi za bweni. Kinachosalia ni kile kijicho kigumu, kile kilichozoea maombi, kinachojua kutabasamu na kupiga makofi kwa kufuata mdundo na kusema "hongera mpendwa, Mungu ni mwema." Hicho ndicho kinabaki. Na kwa kuwa wenzake wote wamekufa, kimeachiwa moyo mzima, na kinazaa. Halafu mwaka wa tatu mtu anashangaa: mimi ninaomba, ninafunga, mbona nimekuwa mbaya kuliko nilivyokuja?

Tusidanganyane. Humu ndani kuna aliyeona tangazo la ufadhili akamtumia mwenzake siku ambayo dirisha la maombi limeshafungwa, kisha akaandika "pole, sikujua." Kuna aliyegawa maelezo ya kujisomea, na ukurasa mmoja ukabaki kwenye begi lake. Kuna aliyeulizwa kuhusu dada wa kuongoza ibada akajibu, "Sauti anayo, anampenda Bwana, ila..." na kwenye ile "ila" akamaliza kazi bila kutoa sauti. Na wote hao wameshatubu. Kwa Mungu, kimyakimya, kwa maneno ya jumla, "Bwana nisamehe pale nilipokosea." Hivi ni kipi kinachokufa kwa maneno kama hayo?

Ukiri usiomfikia aliyeumizwa, au unaomfikia umekatwa nusu, hautuponyi. Unatulaza usingizi mzuri tu. Na watakaolipa ni wale tunaowapenda kuliko wote, wakiwa wamelala mapajani mwetu, nasi tunauliza ubaya huu umejifunzia wapi.

Kwa hiyo leo sitawaita mbele. Kuja mbele tumekuzoea, na maovu yetu yamekuzoea pia. Toeni simu. Jina la mtu unalijua, limekuja kichwani tangu nilipotaja foleni ya maziwa. Toka nje, simama pale kwenye nyasi, mpigie, umwambie lote, pamoja na sehemu uliyopanga kuibakiza.

Kwaya itasubiri.